Lita Sita na Nusu

6 Februari

Wifi yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, na miguu ile iliyokuzuia kuja mazikoni kwa mdogo wako mwezi wa Novemba sasa inakubeba vizuri. Sisi hatujambo. Binti yetu amehamia kwangu na analala chumba cha cherehani, kwa hiyo siku hizi nashonea mapazia sebuleni, na kila mgeni anayekaa kwenye kochi huondoka na nyuzi nguoni. Jirani wa juu hajaacha kuburuta viti.

Friji za watu alizoacha mdogo wako kwenye karakana zimechukuliwa na wenyewe. Imebaki moja, ile kuukuu aliyokuwa akichachushia bia zake. Haina kitu ndani, lakini sijaizima. Inanguruma, nasi tumeizoea.

Sasa neno lililonifanya nishike kalamu. Ameacha kimea kilo saba na nusu. Alikigawa mwenyewe katika mifuko mitatu, kilo mbili na nusu kila mmoja, akaandika juu yake kwa kalamu ya wino mzito: NYUMBANI. Unajua hilo ndilo jina aliloipa ile bia yake ya kahawia. Kimea kikishavunjwa hakikai muda mrefu, kwa hiyo siwezi kukiweka kama kumbukumbu. Nataka niipike bia hiyo na niinywe tena mara moja tu.

Daftari lake lina kila kitu. Joto la maji, dakika za kuloweka, gramu za hopsi, yale maua makavu machungu. Lakini kila ukurasa, mahali pa kiasi cha maji, ameacha mstari mtupu. Alikuwa na mwiko wa mti aliouchanja alama kwa kisu, akiusimamisha ndani ya sufuria na kutazama. Nimeutafuta mpaka chini ya vitanda. Kama unajua lolote kuhusu mwiko huo, tafadhali niambie.

Jumamosi nilipika mfuko wa kwanza. Nilitaka lita kumi za bia, nikatia maji lita kumi. Niliweka kimea ndani ya ule mfuko wa kitambaa cha pazia niliomshonea, nikakiloweka saa nzima kwenye maji ya moto, nikautundika uchuruzike, nikachemsha saa moja na hopsi, nikapoza, nikamimina kwenye ndoo. Nikapata lita tatu na nusu, nzito kama dawa ya kifua.

Wifi, wewe umefanya kazi kiwanda cha bia miaka thelathini na mmoja, na kumi na miwili ya mwisho ulikuwa msimamizi wa chumba cha kuchemshia. Lita zangu sita na nusu zimekwenda wapi?

Wako,
mke wa mdogo wako


15 Februari

Wifi,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa na uzi mwekundu ndani ya bahasha. Miguu ni miguu, tuiache. Na usimtume tena binti aniulizie namba ya simu, simu sina na sitaki. Anayenihitaji aandike. Nilidhani kalamu inampunguzia mtu upuuzi, ila naona kwako imekataa kazi. Mpangaji wangu amenunua tarumbeta na tangu Jumatatu anapuliza sauti moja hiyo hiyo. Habari za huku zimeishia hapo.

Swali lako nimelisoma mara mbili, mara ya pili nimekaa. Lita kumi ndani, lita kumi nje! Hebu niambie, ukitoa taulo kwenye beseni, maji yote hubaki kwenye beseni? Na birika ukiisahau jikoni saa nzima, ukirudi huikuta imejaa? Umri huo, umelea, umepika, umefua, halafu unanitumia stempu kuniuliza maji huenda wapi.

Pale kwetu chombo kimoja cha kuchemshia kilikuwa kikubwa kuliko nyumba yako pamoja na ngazi zake. Tulikuwa na mita za maji, na watu wa kuzisoma, na mtu wa kuwasimamia wanaosoma, na huyo ndiye mimi. Hatukupika bia ya pazia. Ile ilikuwa michezo ya Bwana Kijiti, mwenye vidumu vyake kumi na tarakimu zake za kichwani, na nilimwambia hivyo mchana kweupe.

Lakini kwa kuwa umeomba, andika. Kimea hunywa maji, lita moja kwa kila kilo, haya, lita mbili na nusu. Tope la hopsi linalobaki chini ya sufuria hula lita moja. Na kuchemsha saa moja huondoa asilimia nane. Kwa hicho kikombe chako cha chai unachokiita sufuria, hiyo ni lita moja, na hapo nimekukuzia ili usilie. Kumi, ongeza mbili na nusu, ongeza moja, ongeza moja. Lita kumi na nne na nusu. Mwanafunzi wangu wa wiki ya kwanza angejua.

Dada ya mumeo


12 Machi

Wifi yangu,

Shikamoo. Asante kwa hesabu. Uzi mwekundu ulitoka kwenye mapazia ya ukumbi wa shule, mita sitini, nimeyamaliza jana na vidole vyangu vimevimba. Binti anakusalimia. Amepata zamu za asubuhi na sasa tunakunywa chai pamoja kabla hajatoka, jambo ambalo hatujalifanya tangu alipokuwa darasa la nne.

Nilipika mfuko wa pili kwa hesabu yako. Nilipima maji kwa jagi la lita moja, mara kumi na nne, kisha nusu, na binti akiweka alama kwa chaki mlangoni nisije nikasahau. Mwisho wa kazi, ndani ya ndoo, nilipata lita nane.

Sikuongeza maji kufikisha kumi. Kwenye jalada la daftari ameandika kwa wino mwekundu, "Usiongeze maji mwishoni, uchungu hautulii." Nikaiacha ichachuke hivyo hivyo. Niliionja juzi. Ni bia, siwezi kuisingizia, ila ni tamu na nzito na inapanda kichwani kabla hujaweka kikombe chini. Siyo yake. Yake ulikuwa unakunywa na kuendelea na mazungumzo.

Umebaki mfuko mmoja.

Hukunijibu kuhusu mwiko. Na kwa nini ulikuwa unamwita Bwana Kijiti? Mimi sijawahi kumsikia akiitwa hivyo.

Wako,
wifi yako


20 Machi

Wifi,

Marahaba. Binti nimemwitikia. Mpangaji amejifunza sauti ya pili, na sasa nakumbuka ile ya kwanza kwa hamu.

Lita nane! Nakupa kipimo kilichotumika tangu hujazaliwa, wewe unatoka nacho jikoni kikiwa kimevunjika. Nitakwambia kilichotokea, maana nakuona kabisa kutoka hapa nilipokaa. Uliwasha moto wa kuchomea matofali. Ukaacha sufuria, ukaenda kumalizia pindo la pazia la mtu. Ukarudi umechelewa, ukajitia hamnazo. Au jagi lako ni lile lenye mdomo uliomeguka, ambalo nililiona kwenu miaka hiyo na nikanyamaza kwa adabu. Au mlihesabu kwa chaki huku mnapiga soga.

Asilimia nane ni asilimia nane. Haibadiliki kwa sababu wewe ni mjane.

Mfuko wa mwisho mpe mfugaji wa kuku. Kuku hawana masharti.

Dada ya mumeo


14 Aprili

Wifi,

Shikamoo. Ile sentensi yako ya ujane niliisoma, nikaikunja barua, nikaiweka chini ya mguu wa meza ya cherehani, ule mfupi. Meza sasa haitikisiki. Kwa hilo nakushukuru.

Mfuko wa mwisho sikumpa mfugaji wa kuku. Nilikaa na karatasi. Mimi sikusoma sana, lakini mapazia yamenifundisha kitu: kitambaa kikipungua, usimlaumu mteja, pima upya. Basi nikaandika nilivyopata. Mara ya kwanza nilitia kumi, nikatoa tatu na nusu. Mara ya pili nilitia kumi na nne na nusu, nikatoa nane. Nikatoa, nikatazama, nikatoa tena. Mara zote mbili zilipotea lita sita na nusu. Ni zile zile.

Sikuamini. Kwa hiyo nilichukua maji matupu, bila kimea, nikayachemsha kwenye sufuria ile ile kwa saa moja, na sikuondoka jikoni, wifi, nilikaa kwenye stuli nikimenya njegere. Nilitia lita kumi na mbili, zikabaki tisa. Siku ya pili nilitia lita sita. Zikabaki tatu. Mara zote mbili zilipotea lita tatu.

Sufuria haiulizi kuna kiasi gani ndani. Inapoteza kwa upana wa mdomo wake, na huu ni mpana kama beseni la kuogea mtoto. Asilimia yako nane ni kweli kwenye chombo kikubwa kuliko nyumba yangu. Kwenye kikombe changu cha chai ni uongo. Mbili na nusu za kimea, moja ya tope, tatu za mvuke, jumla ni sita na nusu. Jibu lilikuwa ndani ya barua yangu ya kwanza, katika swali lenyewe. Ungeniambia "ongeza zilizopotea juu ya unazotaka" ingetosha. Mstari mmoja. Wewe ulijaza kurasa mbili za matusi na kosa moja.

Nimekuwa nikijizuia kukudharau, wifi. Sikulelewa hivyo. Lakini nimechoka kujizuia.

Na kuna jambo nimelikumbuka. Miaka mitatu iliyopita mdogo wako alikuja kwako na sufuria hii hii kukupikia bia ya kukuaga kazini. Alirudi na mfuko wa kitambaa umelowa ndani ya nailoni, akaufua, akauanika, hakula. Nikamuuliza habari za huko. Akasema, "Dada hajambo." Ndiyo maneno yote. Hakuja kwako tena, na tangu siku hiyo sikuuona tena mwiko. Alikuwa akiinama tu juu ya sufuria, amefumba jicho moja, akikadiria.

Sikuulizi kitu. Nakueleza tu ninachokumbuka.

Wifi yako


2 Juni

Wifi,

Shikamoo. Sijapata jibu. Nilidhani barua imepotea njiani, kisha nikakumbuka kwamba barua zako za kunitukana hazijawahi kupotea hata moja.

Binti amepandishwa cheo wodini. Jirani wa juu amehama, na kimya chake kimetushinda kuzoea.

Nilipika mfuko wa mwisho tarehe ishirini na saba Aprili. Nilitia maji lita kumi na sita na nusu. Nilipozamisha kimea, sufuria ilijaa mpaka karibu na masikio na nikapata hofu, lakini sikupunguza. Nilitundika mfuko kwenye ndoano ile ile ya dari aliyoifunga mwenyewe, nao ukachuruzika kwa mlio ule ule wa bomba bovu. Nikachemsha. Binti ndiye aliyesoma ndoo, maana mimi sikutaka kutazama. Akasema, "Kumi, mama. Juu ya mstari kabisa."

Jumapili tulifungua ya kwanza. Mdogo wako alikuwa hanywi kwenye glasi, unakumbuka, alikuwa na kile kikombe cha bati kilichobabuka rangi. Tulipokezana hicho. Binti aliinywa, akasema, "Baba," akakaa chini.

Basi. Nilitaka ujue kwamba imewezekana bila wewe.

Wifi yako


19 Juni

Wifi,

Marahaba. Mpangaji nimemfukuza. Naye alikuwa tayari anahama.

Pamoja na barua hii kuna kifurushi. Ndani utakuta mwiko. Ulikuwa umeangukia nyuma ya kabati la vyombo. Nimeuona nilipokuwa natafuta kitu kingine.

Usianze kunitungia hadithi. Siku ile walikuwepo watu kumi na wawili wa kazini, na meneja, na keki yenye jina langu. Nilikuwa nawaeleza asilimia nane. Yeye akanyanyua kichwa kwenye sufuria na huo mwiko mkononi, akasema mbele yao wote, kwa upole wake ule wa kuudhi, "Dada, hiyo ni ya masufuria yenu. Hapa haiingii." Mdogo wangu, niliyemfundisha kufunga kamba za viatu! Fundi wa friji ananisahihisha siku ya kuniaga. Ulitaka nifanye nini, nimpigie makofi? Nilicheka. Nikauchukua mwiko nikawaonyesha, nikasema, "Mwoneni Bwana Kijiti na mtambo wake." Wakacheka mpaka keki ikakatwa vibaya.

Bia ya siku ile sikuipima. Lakini macho nilikuwa nayo, na ndoo ilikuwa na mistari.

Nasikia umepata lita kumi. Akirudia mara tatu hata paka angepata.

Dada ya mumeo


12 Julai

Wifi,

Shikamoo. Kifurushi kimefika. Hatujambo. Nashona mapazia ya hoteli, ya rangi ya ugoro, siyapendi.

Mwiko ulioangukia nyuma ya kabati miaka mitatu hauwi hivi. Hauna vumbi, wala utando wa buibui. Umepakwa mafuta, na si mara moja, mpaka mti umekuwa mweusi na laini kama mpini wa jembe la zamani. Na una ufa, na pale umefungwa uzi, kwa fundo ambalo mimi fundi cherehani nisingelifunga, fundo la mtu wa mitambo.

Niliusimamisha ndani ya sufuria. Nikamimina maji mpaka alama ya juu kabisa, kisha nikayapima kwa jagi langu lililomeguka mdomo. Lita kumi na sita na nusu.

Kwa hiyo ulikuwa nao. Nilipokuandikia mwezi wa pili, mwiko ulikuwa jikoni kwako na jibu limechanjwa juu yake. Nilipopika mfuko wa pili kwa hesabu yako, ulikuwa nao. Uliponiambia niwape kuku. Ungeuweka tu kwenye sufuria pana kama yangu, ukamimina maji mpaka alama, ukaona. Nadhani uliona, zamani. Ulikubali nimalize kimea chake kuliko kukubali kwamba alikuwa amesema kweli mbele ya watu kumi na wawili na keki.

Siku tatu nilikudharau kwa raha. Niliuonyesha mwiko kwa binti, tukakusema mpaka chai ikapoa. Siku ya nne nilikuwa naupangusa kabla ya kuutundika, mkono ukateleza juu ya yale mafuta, na nikaona siwezi kuendelea. Sijui ulikuwa unaupaka saa ngapi. Sitaki kujua.

Nakutumia chupa tatu. Moja ni ya mfuko wa kwanza, moja ya pili, moja ya tatu. Sikuandika kitu juu yake, vifuniko vyote ni sawa. Wewe ni msimamizi wa miaka kumi na miwili. Niambie ipi ni yake.

Hizo ndizo za mwisho. Huku tumemaliza.

Wifi yako


9 Agosti

Wifi,

Marahaba. Chupa zimefika nzima, ingawa umezifunga kwa vitambaa vya mapazia kama watoto wachanga. Miguu ya mazikoni haikuwa miguu. Umeshajua, basi usiniulize tena.

Nilizipoza na kuzipanga mezani, nikachukua karatasi na penseli kama tulivyokuwa tukifanya pale kwetu.

Ya kushoto haifai kunywewa na kiumbe. Ungeweza kubandikia karatasi ukutani. Ya kulia ni bia ya mtu aliyefuata maelekezo ya mjinga.

Ya katikati nilimimina nusu kikombe. Povu lake ni dogo, rangi imechuja kidogo, na kifuniko umekikaza kuliko inavyotakiwa. Ningekuwa kazini ningekuandikia kasoro tatu. Uchungu umetulia. Ni hiyo. Niliijua kabla sijaimeza, kwa harufu, nikiwa bado nimesimama.

Iliyobaki sikuinywa. Nimeirudishia kifuniko, nikakigonga kwa kisigino cha kiatu, nikaiweka kwenye friji nyuma ya maziwa. Najua bia ikishafunguliwa haifungiki. Najua kesho itakuwa maji ya kahawia na keshokutwa siki. Nimewafundisha watu hilo miaka thelathini na mmoja, na nilimwachisha mtu kazi kwa sababu hiyo.

Leo ni siku ya sita. Usiniandikie kunisahihisha.

Dada yake